Mguu Uliogoma Mlangoni

Kitu cha kwanza kuniondoka kilikuwa harufu, na mimi nilikuwa mkamuaji wa mafuta ya alizeti. Kwa mkamuaji pua ni nusu ya kazi. Mbegu ikianza kupata ukungu ndani ya gunia jicho halioni, lakini ukiichota kiganjani na kuisogeza puani utajua. Kinyangiri nzima walinijua kwa pua yangu. Wanawake wa kikundi chetu walikuwa wakiniletea viganja vya mbegu ninuse kabla hawajazimimina kwenye mashine, nami natoa hukumu kama hakimu. Basi msimu mmoja wateja wakaanza kurudisha chupa. Walisema mafuta yananuka. Nikayanusa mbele yao, sikusikia kitu, nikawaambia wamezoea mafuta ya dukani na sasa wanadeka.

Hapo mkono ulikuwa bado haujaanza kucheza. Ningejua kwamba pua ile ilikuwa inanipa taarifa, ningeisikiliza.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi mkono wake unatetemeka wenyewe mapajani na hajui aende wapi. Sitakueleza mambo ya ndani ya ubongo, maana nimeelezwa mara nyingi na bado nikiulizwa naweza kukosea. Nitakueleza benchi la hospitali, mlango wa nyumba yangu, na kuku mmoja. Ugonjwa wenyewe haujaondoka, na nimeambiwa hautaondoka. Lakini kile kilichonitesa zaidi, kutojua na kufichwa, kimepita.

Zilikuwa enzi za ruksa. Biashara ilikuwa imeachiwa, na mtu mwenye gunia la alizeti na mashine ya mkono aliweza kukamua na kuuza kwa amtakaye bila kuulizwa. Vijana walikuja na baiskeli kutoka huku na huku, madumu yamefungwa nyuma, wakanunua mafuta yetu na kwenda kuyauza Singida mjini. Mmoja wao aliitwa Joeli, kijana wa Issuna. Huyu alianza kuja hata siku ambazo hatukukamua. Aliyekuwa akipima mafuta ni binti yangu Naomi, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza zaidi.

Mkono ulianza baada ya mavuno. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayemenya punje ya alizeti. Nilikuwa nautazama kwa mshangao, kama ninatazama mtoto wa jirani aliyeingia ndani bila kubisha hodi. Nikishika mpini wa mashine unatulia kabisa. Nikiuachia mapajani unaanza tena. Kanisani wakati wa mahubiri unazidi. Mume wangu, Yeremia, aliniambia nikilala unalala na wenyewe. Nikaanza kuujaribu: nikiukasirikia unafanyaje, nikiukalia unafanyaje, nikihesabu kinyumenyume unafanyaje. Nikihesabu ulikuwa unachachamaa, nikacheka peke yangu jikoni.

Kicheko hakikudumu. Zahanati walinipa dawa za malaria, nikazimaliza, mkono ukabaki vile vile. Kaka wa mume wangu, shemeji Kitundu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na neno lake halirukwi, alisema nimechezewa na watu wanaoonea wivu mashine. Akamleta mtaalamu wake. Nilifunikwa blanketi juu ya chungu cha majani, nikafukizwa mpaka nikaiva, na nilipofunuliwa mkono ukatoka ukicheza kuliko ulivyoingia.

Kisha uso ukaganda. Hili sikuliona mwenyewe, niliambiwa. Siku moja tunakula Yeremia akaweka tonge chini akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia hujanikosea kitu. Akasema, mbona wiki zote hizi unanitazama kama askari wa mgambo? Nilikuwa nadhani ninatabasamu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu niliona nimefungiwa ndani ya sura ambayo siyo yangu, na mume wangu yuko nje yake anabisha.

Mwisho ukaja mguu. Nilikuwa natembea vizuri kutoka kisimani, nikifika mlangoni kwangu mguu unagoma. Unagandamana na ardhi, na mwili wa juu unataka kwenda, hivyo mara nyingi nilikuwa naanguka kifudifudi kwenye kizingiti changu. Cha ajabu, shambani sikugandamana hata siku moja. Nilivuka matuta ya viazi tuta hadi tuta kama msichana. Nikawa najiuliza, mguu huu una ugomvi gani na nyumba yangu?

Ilikuwa wakati wa palizi walipokuja watafiti. Gari lao lilikwama mtoni, wakafika kwa miguu, na kiongozi wao alikuwa mwanamke, Daktari Zawadi, mwembamba, tope hadi magotini. Tulikusanywa shuleni watu wazima wote. Akasema wanachunguza magonjwa yanayokula ubongo polepole, ya kutetemeka na ya kusahau, maana huko mjini watu husema magonjwa hayo yako Ulaya tu, na yeye hakubaliani. Akasema pia jambo lililowafanya wazee wacheke. Alisema yale watakayoyapata atarudi kuyasema hapa hapa, mbele yetu, kwa sababu ni mali yetu. Tulikuwa tumeshaona watu wengi wa maswali. Walikuja wa mbung'o, wakaja wa visima, wakaja wa kupima vichwa vya watoto, na hakuna aliyewahi kurudi kusema alipata nini.

Tulisimamishwa mmoja mmoja. Nyosha mikono. Gusa pua. Tembea mpaka ukutani urudi. Chora mstari unaozunguka kama nyumba ya konokono. Konokono wangu alianza na ukubwa wa sahani akaishia punje ya mtama. Kwa upande wa kusahau, watu walitakiwa kutaja wanyama wengi kadiri wanavyoweza. Jirani yetu Mzee Shila akaanza kutaja ng'ombe wake mwenyewe kwa majina, na baada ya wake akataja wa baba yake waliokufa kwa sotoka. Daktari alisubiri, akamwambia kwa adabu anataka aina za wanyama. Mzee Shila akasema, aina nyingine si zangu, za nini?

Halafu akanisogezea vichupa vidogo, kimoja kimoja, ninuse. Nilinusa vyote. Nikamwambia, daktari, vichupa vyako ni vitupu. Hakucheka. Aliniuliza ni tangu lini vitu vimekuwa vitupu. Ndipo nikakumbuka chupa za mafuta zilizorudishwa, na nikamweleza. Alivuta kiti karibu yangu kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kuhusu mwili wangu kwa namna ya kutaka kujua, siyo kwa namna ya kunihukumu, na mimi mwenyewe nikatamani kujua pamoja naye.

Alinipeleka hospitali ya misheni kwa barua yake. Benchi la pale lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu, na tulikuwa tukisogea kwa makalio kuelekea mlango wa daktari. Mtu akiona mkono wako unacheza anaacha nafasi kati yako na yeye. Kwa hiyo nilikaa kwa raha kuliko wote. Mama mmoja tu alikuja akakaa karibu nami, ameleta mume wake aliyekuwa mwalimu na sasa hamjui mke wake ni nani. Yule mzee alikuwa akimwita dada, kwa heshima sana, akimshukuru kwa kumsindikiza. Mama yule aliniambia, "Bora wewe, ni mkono tu unaocheza, mwenzangu. Wangu amenihama." Tuligawana viazi vyake vya kuchemsha. Mkono wangu ulipotaka kumwaga chumvi, alinishikia kiganja, akaendelea kutafuna. Sikuwahi kumwona tena, na bado namwombea.

Nikaambiwa jina la ugonjwa, Pakinsoni, na nikapewa vidonge. Tangu hapo siku zangu zikawa za vidonge, kidonge cha jogoo, kidonge cha mchana, kidonge cha jua kuzama. Havikuniponya. Lakini asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi nilimwona Yeremia ananitazama mno, nikamuuliza kuna nini. Akasema nimetabasamu. Vidonge wakati mwingine vilichelewa kufika, na siku hizo nilirudi kuwa gogo, na tulijifunza kutovitegemea sana.

Suala la mlango tulilipatia dawa wenyewe. Nilimweleza Yeremia kuhusu matuta. Alifikiri siku nzima, kisha jioni akachukua mpini wa jembe akaulaza chini mbele ya kizingiti, akaniambia nijifanye ni tuta. Nikainua mguu nikauvuka mpini nikaingia ndani kama bibi harusi. Tulirudia mara nyingi kwa furaha mpaka Naomi akatoka kuuliza kama tumelewa. Tangu hapo mpini ule ulilala mlangoni kwetu, na majirani wakasema Yeremia amemzindika mkewe. Daktari Zawadi alipokuja kunitazama aliupenda mpini ule mno. Aliniambia kuna wagonjwa wa nchi za mbali waliogundua jambo kama hilo, wao wanachora mistari sakafuni. Nilijisikia nina ndugu ambao sitawaona.

Baada ya mavuno wakaja wakwe.

Hapa ndipo penye kuku. Kwetu posa haiendi kwa kupendana tu. Kabla mahari haijatolewa watu hutumwa kimya kimya kuuliza habari za ukoo: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu, kuna mtu aliyekufa vibaya? Watu wa Issuna walituma watu wao wakaja kama wanunuzi wa mashudu, yale makapi ya alizeti tunayolisha mifugo. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinificha. Waliambiwa mama wa binti ni mzima, mchapa kazi, ana pua ya ajabu. Hilo la pua lilinichoma.

Siku ya ugeni wenyewe shemeji Kitundu alipanga kila kitu. Mimi nikae mkekani tangu kabla wageni hawajafika, mkono wa kushoto niukalie, nisiinuke, wifi yangu ndiye atakayehudumia. Mpini ukaondolewa mlangoni ukafichwa. Baba yake Joeli, Mzee Ntandu, alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti zito siku ya jua kali, mkono mmoja mfukoni, fimbo mkononi mwa pili. Shikamoo zikapita, habari za mvua zikapita. Tulikuwa tumechinja jogoo mkubwa kuliko wote, na Singida mtu haulizwi kama anakula kuku. Mzee Ntandu alikataa. Akasema ameshiba. Akaletewa chai, akaiacha ikapoa mbele yake. Wenzake wakala, yeye akawa anatazama ile nyama, na mazungumzo yalipokwisha aliinuka akaenda.

Shemeji Kitundu alikasirika siku hiyo hata mishipa ya shingo ikamtoka. Kukataa kuku wa mkwe ni kusema nyumba yake ni chafu, au unahofia sumu. Na baadaye Joeli akamwambia Naomi kwamba kwao nako wamenuna, kwa sababu mama wa binti hakuinuka hata kuwanawisha mikono, anakaa kama malkia. Mahari ikawa haijakataliwa wala haijaletwa. Naomi akawa anapima mafuta kimya kimya. Alimpenda yule kijana, na nilijua kwamba kama jambo hili litavunjika, mwili wangu ndio utakuwa umelivunja.

Katika hali hiyo Daktari Zawadi akarudi. Alirudi kweli, kama alivyosema, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akatueleza walichokipata. Alisema wamewakuta wenye kutetemeka na wenye kusahau katika kila kijiji walichopita, na karibu wote walikuwa wamefichwa. Alisema wengi walipoteza harufu kabla ya ugonjwa kuonekana, na wakanigeukia watu wote waliowahi kurudisha chupa. Mzee Shila aliuliza kama ng'ombe wake wameandikwa. Akaambiwa wameandikwa. Alifurahi kuliko mtu yeyote pale.

Kisha daktari akaniomba jambo. Alikuwa anaendelea kwenye vijiji vingine kurudisha majibu, na alikuwa ameona kwamba akisema peke yake watu wanamsikiliza kama redio. Alitaka mgonjwa asimame naye, watu waone mkono unaocheza na wasikie mtu mwenye akili zake akizungumza. Kijiji kilichofuata kilikuwa Issuna.

Shemeji Kitundu alisema hapana kabla daktari hajamaliza sentensi. Usiku ule tulikaa kikao cha familia. Alisema hapa nyumbani niseme nitakavyo, wananijua, lakini kwenda kusimama kwenye mnada wa wakwe na kuwaonyesha ugonjwa kabla ya mahari ni kumzika Naomi akiwa hai. Ningojee wamchukue kwanza. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa anampenda Naomi kama wa kwake, na alichosema ndicho ambacho kila mtu wa kwetu angesema. Yeremia alisema polepole kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kaka yake akamjibu kwamba kifo kinaweza kusubiri harusi.

Nikasema aulizwe mwenye harusi. Naomi alikuwa ameinamia taa akipunguza utambi. Alisema, "Baba mkubwa, wakinichukua bila kujua, mama akija kunitazama nitamfungia ndani? Nitawaambia watoto wangu bibi yao ni nani? Mimi sitaki kuolewa kwenye nyumba ambayo mama yangu hawezi kuingia mlangoni." Shemeji Kitundu akachukua kofia yake akaondoka, na mimi nikajua nitakwenda, na niliogopa kiasi kwamba mikono yote miwili ikaanza kucheza, hata ule wa kulia uliokuwa bado mzima.

Tulikwenda kwa gari la daktari siku ya mnada. Nilimeza kidonge njiani nikitegemea kifanye kazi nikifika, lakini dawa ile haishindani na hofu, hofu inaitangulia. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye magogo na mabenchi, wengine wamesimama na mbuzi zao. Daktari alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, bila kujikweza. Nilikuwa upande, kwenye kiti, nikitafuta nyuso. Nikamwona Joeli. Nikamwona mama yake. Na mstari wa mbele kabisa, kati ya wazee, Mzee Ntandu, ndani ya koti lake, mkono mfukoni, fimbo kati ya magoti.

Daktari akanitaja, akaniomba nisogee. Kati ya kiti changu na pale alipo palikuwa na uwanja mtupu, umefagiwa, tambarare kama meza. Nikainuka. Mguu ukagoma.

Wewe ambaye hujapatwa nalo hutaelewa urefu wa wakati ule. Watu wanakutazama, wewe unaamuru mguu, mguu hausikii. Yeremia alikuwa nyuma ya umati, kwenye gari, alikuwa amekwenda kuniletea maji. Nikasikia mtu anasema, huyu mama amekunywa. Mwingine akacheka. Mbuzi akalia na watu wakacheka zaidi. Niliwaza tu kwamba Naomi yuko Kinyangiri ananisubiri na hajui kwamba tayari nimemharibia.

Ndipo Mzee Ntandu akainuka. Aliinuka kwa shida, akayumba kidogo, akaja kwangu kwa hatua fupi fupi za kuburuta. Nilidhani anakuja kunifukuza. Kwetu mzee na fimbo yake hawaachani, tena mbele za watu, lakini yeye aliinama, akailaza fimbo yake chini, ikakingama mbele ya vidole vya mguu wangu. Akiinama, mkono wake mwingine ukatoka mfukoni kujishika goti. Ulikuwa unacheza. Kidole gumba kilikuwa kinamenya punje ya alizeti.

Akasema kwa sauti ndogo, sauti iliyokauka kama yangu tangu niugue, "Vuka, mkwe. Mimi huwa navuka miti ya mlango wa zizi hivyo hivyo. Sikujua kama kuna mwingine."

Nikavuka. Mguu ulikwenda, na wa pili ukaufuata, na nikafika mbele. Sikumbuki niliyoyasema yote. Nilisema kuhusu harufu, na blanketi, na yule mwalimu anayemwita mke wake dada. Nilisema mimi sijarogwa wala sijalewa. Nilikuwa nasikia hata mbuzi wakitafuna. Mzee Ntandu hakurudi kwenye benchi la wazee. Alibaki amesimama karibu nami, mkono wake nje, wangu nje, inacheza kila mmoja kwa mwendo wake.

Bibi mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. Je, jambo hili linapita kwenye damu? Watoto wa hawa itakuwaje? Nilimtazama daktari kama mtu anayesubiri hukumu. Daktari Zawadi alisema, "Kwa watu wengi tuliowaona, halikutoka kwa mzazi. Kwa familia chache huwa linatoka huko. Kwa hizi mbili, sijui. Bado tunatafuta. Nikisema najua nitakuwa nimekudanganya, bibi."

Nilikuwa sijawahi kumsikia msomi akisema sijui mbele ya umati. Nilitegemea watu wazomee. Yule bibi akatikisa kichwa akasema, basi mkijua mrudi. Na daktari akasema atarudi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Baadaye tulikaa kwenye kibanda cha muuza chai, mimi na mume wangu, Mzee Ntandu na mkewe. Chai ililetwa kwenye vikombe vilivyojazwa nusu, na sikujua ni nani aliyeagiza hivyo. Mzee Ntandu alisema hakuwahi kufika hospitali. Wa nyumbani kwake walimwambia asionyeshe mkono wake mpaka kijana aoe, maana nani atampa binti kijana ambaye baba yake anatetemeka? Alikuja kwetu na koti, na alikataa chakula kwa sababu hangeweza kufikisha mchuzi mdomoni bila kuumwaga mbele ya wakwe. Yeremia alianza kucheka kwanza, akajizuia kwa heshima, akashindwa. Mzee Ntandu akanigeukia na uso wake ulioganda, ambao sasa niliweza kuusoma vizuri kuliko mtu yeyote duniani, maana ulikuwa wangu, nikaona kwamba anatabasamu.

Akasema, "Yule kuku, mkwe, nilimtamani sana."

Joeli na Naomi waliambiwa kila kitu, pamoja na lile neno la sijui. Tuliwaachia waamue, na kwa kuwa vijana hawana subira na mambo ya wazee, waliamua kabla hatujamaliza kuwaeleza. Shemeji Kitundu alipokea mahari kwa mikono miwili na tangu siku hiyo husema kwamba kwenda Issuna lilikuwa wazo lake. Mzee Ntandu alipelekwa kwenye lile benchi la misheni, akapewa vidonge. Daktari Zawadi hupita kila anapoweza, na Naomi na mumewe husimama kwenye mstari na wengine, wananyosha mikono, wananusa vichupa. Naomi hutaja kila harufu kwa sauti kubwa ili niisikie.

Mzee Ntandu alikuja Kinyangiri mwaka uliofuata, baada ya alizeti kuvunwa. Asubuhi ile nilichinja jogoo, na safari hii nilimpika mwenyewe, nikichoma vidole viwili kwa sababu mkono haukuwa na adabu. Sikuweza kunusa mchuzi, nikamwita Naomi, aliyekuwa amemtangulia mgeni, anuse kwa niaba yangu, akasema uko tayari. Kabla mgeni hajaingia uwanjani nilichukua mpini wa jembe nikaulaza mlangoni.

Mzee Ntandu akafika kizingitini, mguu wake ukasita. Akatazama chini, akauona mpini, akauvuka akaingia. Nikamnawisha mikono mimi mwenyewe, maji mengi yakaenda mkekani. Alikula paja, akala mgongo, akaomba tena mchuzi, na ulimwagika kifuani kwake na kwenye kanga yangu, na hakuna aliyeinuka kuufuta.